Tamthilia ya siasa inaanzia ofisi ya mtaa: uzoefu wangu wa kuandika skripti za televisheni Dar

Ninapoandika tamthilia ya siasa sianzii Bungeni. Naanzia ofisi ya serikali ya mtaa. Chumba kimoja chenye meza, mhuri na benchi la wanaosubiri kinapatikana Manzese au Mbagala kwa bei ya kuelewana, na mtazamaji ameshakaa kwenye benchi kama lile akingoja barua ya utambulisho. Ukikosea, atajua papo hapo.

Skripti nyingi ninazozisoma zinamchanganya mwenyekiti na mtendaji. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka 5, mara ya mwisho Novemba 2024. Mtendaji ameajiriwa, ana mshahara, na wakubwa wake wako halmashauri. Mmoja anaogopa kura, mwenzake anaogopa uhamisho. Mgogoro umeshazaliwa kabla hujaandika neno la mazungumzo.

Kwa hiyo nachora kwanza njia ya karatasi: nani anaiandika, nani anapiga mhuri, nani anaweza kuikalia, na ikikaliwa nani anaumia. Chukua mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mama lishe kinachoomba mkopo huo kina katiba yake, muhtasari wa vikao, akaunti ya benki, na pengine mwanachama ambaye hakuna anayemfahamu ila jina lake limo. Hapo napata sehemu sita nzima bila kuleta jambazi wala mganga. Nasisitiza hili kwa sababu siasa inayomgusa mtu wa Dar hupita kwenye karatasi, na hotuba ndefu jukwaani huwafanya watu wabadilishe chaneli.

Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida ni kama dakika moja hewani. Nafasi ya nusu saa, ukitoa matangazo, inabeba kurasa 22 hadi 24, nami nazigawa katika sini (vipande vinavyotokea mahali na wakati mmoja) 12 hadi 15, maeneo yasizidi manne. Sini za nje naziandika fupi, maneno machache, kwa kuwa bodaboda na spika za barabarani huharibu sauti. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zinavuruga mwendelezo: mhusika anaingia getini kukiwa kukavu, akitoka upande wa pili ni matope. Mkutano wa hadhara una gharama kubwa, hivyo nauweka nyuma ya ukuta. Tunausikia kwa spika huku watu wawili wakibishana kuhusu posho.

Chama cha kubuni nakipa jina na rangi visivyofanana na cha mtu yeyote. Kijani na njano zina mwenyewe, zambarau nayo ina ACT-Wazalendo. Rangi ikifanana, mjadala utahama kutoka kwenye hadithi kwenda kwenye fulana. Sare za polisi zisishonwe kwa fundi wa mtaani bila ruhusa ya jeshi lenyewe. Kibali cha kurekodi kinatoka Bodi ya Filamu, nayo inataka kuona muswada, kwa hiyo nakamilisha skripti zote za msimu mapema. Sehemu zikipelekwa mojamoja, ya tatu inaweza kukwama wakati wasanii wameshalipwa.

Mkataba wangu una awamu tatu za malipo: muhtasari wa hadithi, rasimu ya kwanza, rasimu ya mwisho. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inailinda kazi tangu inapoandikwa, lakini kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi ukidhulumiwa. Kifungu nisichokiachia ni cha mabadiliko: kituo kikitaka sini iondolewe kwa kuogopa siasa, mimi ndiye ninayeiandika upya, kwa malipo yaliyotajwa humo humo, na jina langu lisibaki kwenye sehemu iliyoandikwa na mwingine.