Historia ya galari yetu ilikuwa kwenye daftari la fundi fremu

Karibu kila niliyemwomba ushauri wa kuhifadhi historia ya galari alinijibu vilevile: piga picha za michoro, tupia kwenye mtandao wa kijamii, umemaliza. Ushauri huo uliniudhi na unaniudhi hadi leo. Galari niliyokuwa nasaidia kuihifadhi, ndogo, ya mtu binafsi hapa Dar es Salaam, haikuwa na michoro ya kupiga picha. Michoro iliuzwa, na galari ipo ili iuze. Mingi ilipanda ndege zamani na wageni walioinunua. Kilichobaki ni karatasi: kadi za mwaliko, orodha za bei, faksi, albamu za picha na vitabu vya wageni, vyote vimesongamana kwenye masanduku ya bati, na mchwa wameshaanza pembeni.

Mama mwenye galari alikuwa anafunga na chumba kilitakiwa kiachwe wazi. Nilimkumbusha Paa ya Paa, galari ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1965, Elimo Njau mzaliwa wa Marangu akiwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 1997 moto uliwaunguzia maktaba na kazi nyingi za sanaa. Mama aliwahi kufika pale. Alinikabidhi funguo siku hiyohiyo.

Tukaelekezwa kwa watu wa kuskani, tena kwa sifa kubwa. Walichukua sanduku la kwanza na laki kadhaa, wakarudisha flashi yenye faili moja refu la PDF. Mamia ya kurasa, kadi imefuatana na risiti, risiti na barua, bila jina wala mpangilio. Ubaya zaidi, waliskani upande wa mbele tu. Nyuma ya picha ndiko mama alikokuwa akiandika kwa kalamu ya risasi nani kasimama na nani, na maonyesho ya nani. Halafu karatasi walizirudisha zimechanganywa, pini zimeng'olewa, kwa hiyo hata mpangilio wa awali ukapotea. Ukimpa mtu kazi hii, kaa naye mezani.

Tukanunua skana ya mezani iliyotumika, tukaifanya wenyewe. Faksi zilitangulia, maana karatasi yake hufifia ikabaki nyeupe, na zingine tayari zilisomeka kwa taabu. Picha tuliziskani kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma. Faili kubwa la TIFF likae kwenye diski, nakala nyepesi ya JPEG iende kwenye tovuti. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na kompyuta itazipanga yenyewe.

Albamu za kurasa zenye gundi zilitupa shida. Joto na unyevu wa Dar vilikuwa vimezigandisha picha, ukivuta kona inachanika. Mtu mmoja akashauri tuzipashe kwa pasi! Sikuthubutu. Nilikwenda duka la dawa nikanunua uzi wa kusafishia meno, ule usio na nta. Unaupitisha chini ya kona, unaushika pande zote mbili, unausogeza kama msumeno, polepole. Picha inaachia nzima. Picha za ufunguzi wa maonyesho karibu zote tuliziokoa hivyo.

Lakini picha hizo zilionyesha ukuta wenye michoro isiyo na majina. Orodha za bei zilikuwa na majina bila picha. Mama alikumbuka baadhi, wachoraji wengine wameshafariki. Ndipo nilipomfuata mzee aliyekuwa akitengeneza fremu za galari. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamuuliza kama anakumbuka chochote.

"Kukumbuka nini, mwanangu? Nimeandika."

Akatoa madaftari ya oda. Kila mstari una tarehe, jina la mchoraji, upana na urefu kwa inchi, kilicholipwa na kilichobaki. Nilishangaa ameyatunza miaka yote. "Nani anatupa daftari lenye madeni?" akasema.

Nilirudi na nakala nikiwa na furaha isiyoelezeka. Tukawa tunapima mchoro kwenye picha kwa rula na kutafuta uwiano wake. Kama upana ni mara mbili ya kimo, tunaangalia oda za wiki chache kabla ya ufunguzi: nani alitengenezewa fremu ya 48 kwa 24? Mara nyingi alikuwa mmoja tu. Ukiongeza orodha ya bei, mchoro unapata jina, mwaka na mchoraji wake. Kwa hiyo ukianza kazi hii, watafute mafundi kabla ya wataalamu.

Tovuti tuliijenga kwa Omeka, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya makumbusho na maktaba. Unalipia jina la tovuti na mahali pa kuiweka, si fedha ya kutisha. Kila ukurasa niliuhifadhi pia kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za tovuti. Mafaili makubwa yapo kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti.

Suala la haki msilipuuze. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mwenye haki ya mchoro ni msanii hata akishauuza, na haki hiyo inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Tuliomba ruhusa kwa wachoraji au familia zao, kwa fomu fupi ya Kiswahili. Ambao hatujawapata, tumeweka maelezo bila picha. Anwani za kwenye vitabu vya wageni tumezifunika. Bei za zamani mama aliamua zionekane, na namuunga mkono kabisa: vijana wanaochora leo wana haki ya kujua waliowatangulia walilipwa nini.

Kanda za video ndizo zimebaki. Deki tuliyopata inatafuna kanda, kwa hiyo hatuigusishi hata moja hadi apatikane fundi wa kuaminika.