Siku yangu moja nikikata tiketi Mombasa: kilomita mbali, saa mbali

Saa kumi na mbili asubuhi simu ishaanza. Mteja wa Ukunda, kusini ng'ambo ya feri ya Likoni, anauliza apandie ndege ya Nairobi pale pale Ukunda ama aje uwanja wa ndege wa Moi, huku Mombasa. Namwambia ukija huku siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, huna haja ya feri, lakini hesabu kwanza muda wa barabara ndo uje kwa bei.

Saa mbili na nusu niko ofisini mjini, chai na mahamri mezani.

Saa tatu kijana wa chuo anauliza mbona tiketi ya Nairobi imeandikwa saa nzima na yeye kasikia ni dakika 45. Swali zuri hili, nalipenda. Moi mpaka Jomo Kenyatta kwa hewani ni kama kilomita 420 (barabara inakaribia 480), na kweli angani ni dakika 45 hivi, lakini muda wa tiketi unaanza ndege ikitoka ilipoegeshwa mpaka ikaegeshwe kule, so kuna kwenda mpaka mwisho wa ranwei, kusubiri zamu, na kule pia kuzunguka chini. Akauliza jeti na propela je? Jeti inakwenda kilomita 800 na kitu kwa saa, propela kama 500 mpaka 650, lakini kwa safari fupi hivi tofauti ni dakika chache tu, manake jeti ikimaliza kupanda muda si muda inaanza kushuka. Nikampa kiti cha kushoto, mawingu yakimpisha ataona Kilimanjaro.

Saa tano akaingia mama mmoja wa Mji wa Kale, shikamoo, marahaba mwanangu, ana harusi Unguja. Kaona kwa simu ya mjukuu tiketi ya kupitia Nairobi, bei nafuu. Nikamchorea kwa karatasi. Hapa Mombasa, hapa Unguja, kusini moja kwa moja, kama kilomita 245, hata saa nzima angani haifiki. Ukipitia Nairobi unapanda bara kilomita 420 halafu unashuka tena 600, yaani zaidi ya kilomita 1,000 kwa mahali pa 245, na pale Nairobi unakaa masaa ukingoja ya pili. Mtu mzima na magoti yake, mimi siwezi kumuuzia hiyo hata kama ni rahisi! Tukachagua ya moja kwa moja. Nikamuuliza pasipoti, anayo, kadi ya homa ya manjano nikamwambia aitafute leo leo. Kiti cha kushoto pia, Pemba ataiona upande huo.

Mchana swala, wali, tiketi mbili tatu za Kisumu na Eldoret, hakuna la kusimulia.

Saa kumi mama karudi na kadi, kalipa kwa Mpesa. Ndege yake si ya leo, lakini siku ya safari inaondoka saa kumi na nusu jioni, na kwa safari ya nje nataka mtu awe eapoti masaa matatu kabla, na njiani Changamwe ile ina malori ya bandari. Kila tiketi naandika kwa kalamu juu kabisa, herufi kubwa: TOKA NYUMBANI SAA SITA NA NUSU. Akaisoma, akanirudishia.

"Na adhuhuri niswali wapi mwanangu?"

Nikakata, nikaandika saa saba kasorobo.