Nilivyoingiza nadharia ya muziki kwa vijana wa bendi kupitia solfa

Vijana ninaowafundisha hapa Temeke tayari wanapiga. Wengi wamekulia kwenye kwaya, sasa wanapiga harusini na kwenye kumbi, na wanataka muziki uwe kazi yao. Masikio yao ni makali mno. Sikuona sababu ya kuwaanzishia kwenye mistari mitano ya nota ilhali solfa, yaani kuimba nota kwa majina do, re, mi, fa, so, la, ti, wanayo kichwani tangu utotoni.

Naanza na uzi mmoja wa gitaa. Mpigaji anaupiga ukiwa wazi, tunauita do, kisha anapanda freti (vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) ya 2, 4, 5, 7, 9, 11 na 12 huku darasa zima likiimba naye. Nauliza: wapi kidole kimesogea freti moja tu? Wanaona wenyewe: mi kwenda fa, na ti kwenda do. Ngazi meja ndiyo hiyo, wameisikia na kuishika kwa mkono. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, ndiyo maana do inarudi ikiwa juu zaidi. Hapo hata wapiga kinanda husogea na rula kupima.

Kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, tunaziingilia kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo wa dansi ambapo magitaa hutawala. Sebene nyingi huzunguka C, F, G, kisha F tena. Kwa herufi, kijana anakariri mahali pa vidole. Kwa do, fa, so, fa, anaelewa undugu wa kodi zenyewe. Mwimbaji akija na mafua akaomba washushe hadi B flati, do inahamia B flati, fa inakuwa E flati, so inakuwa F, na wimbo unaendelea.

Nota za mistari zinafuata, na hapo sina huruma, maana studio mtu anaweza kuwekewa karatasi na kutakiwa apige papo hapo. Nawaambia watafute do kwanza: ikiwa juu ya mstari, mi na so zinazopanda kutoka hapo nazo zitakuwa juu ya mistari. Mapigo tunayapiga makofi kabla ya kugusa ala.

Juzi mpiga besi wetu aliandika sehemu ya tarumbeta. Aliipandisha toni moja, yaani freti mbili, bila kukumbushwa, kwa kuwa tarumbeta la B flati husikika toni moja chini ya kilichoandikwa. Mgeni aliyelishika aliipiga kama ilivyo, na bendi nzima ikawa pamoja. Nilifurahi sana. Sasa wananidai niwafundishe kuandikia saksafoni ya alto, ambayo iko E flati.