Nilivyopima maji kabla mgodi haujajengwa, na zinki iliyonitoa jasho

Mimi niliingia kwenye hii kazi nikidhani ni ya kuchota maji tu. Unaenda mtoni, unajaza chupa, unabandika lebo, unapeleka maabara, basi. Kumbe data ya awali, ile ya kabla hata shimo moja halijachimbwa, ndo ngumu kuliko zote maana huwezi kuirudia, wakishaanza kulipua mwamba imeisha hiyo.

Tulikuwa wawili, mimi na kaka mmoja mzoefu, tuna vijito vitatu na maziwa mawili madogo. Vituo vingine tuliweka juu ya eneo la mgodi, vingine chini yake, na kimoja bonde la pembeni kabisa ambako mgodi hautagusa. Hicho cha mwisho mwanzoni nilikiona kupoteza mafuta ya gari tu, ila ndo kitakachokuambia huko mbele kama maji yameharibiwa na mgodi au ni ukame umepiga kote.

Mwezi wa pili majibu yanarudi, zinki iko juu kila kituo. Kila kituo! Hata bonde la pembeni. Nikafurahi kabisa, nikajua tumegundua kitu, si ndo sehemu yenye madini hii. Kaka akaniuliza swali moja tu, "Blanki inasemaje dogo?" Blanki ni yale maji safi ya maabara tunayobeba kila safari, tunayamimina kwenye chupa pale pale mtoni na kuyapitisha hatua zote kama vile ni sampuli ya kweli. Nikaangalia, nayo ina zinki. Aisee. Maji safi yametoa wapi zinki? Tukaanza kufuatilia kimoja kimoja mpaka vikabaki vitu viwili, glavu zenye unga unga na mafuta ya jua niliyokuwa najipaka mimi, ukisoma nyuma ya chupa yake unakuta zinki oksaidi. Tukaacha vyote viwili, safari iliyofuata blanki ikarudi safi. Zinki ya miezi miwili ile tukaitupa yote, na iliuma.

Toka hapo tukagawana mikono. Mmoja anagusa chupa ya sampuli na maji peke yake, mwingine ndo anafungua mabegi, anashika mita, anaandika. Mtoni unaingia taratibu, unaangalia yanakotoka maji, unachota mbele yako, tope ulilotibua linaenda nyuma. Kwa metali zilizoyeyuka unachuja kwanza kwa chujio la mikroni 0.45 halafu ndo unatia asidi ya naitriki kidogo ili pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ishuke chini ya 2 metali zisigande kwenye kuta za chupa. Kwanza uchuje! Mimi siku moja nilitia asidi kabla, asidi ikala tope lililokuwemo na ile aluminiamu ikaruka juu ajabu. pH, joto, oksijeni na kondaktiviti (maji yanavyopitisha umeme) vinapimwa hapo hapo ukiwa umesimama, pH ya kusubiri mpaka maabara ni ya kujidanganya. Naitreti nayo ina haraka, masaa 48 kwenye barafu iwe imeshapimwa, na usiiruke kwa sababu baruti za mgodini ni za amonia naitreti, kwa hiyo baadaye watu watakuja kuuliza kabla ya milipuko ilikuwa ngapi.

Kitu kingine kilichonishtua ni maabara ya kwanza. Majibu ya kadimiamu yote yameandikwa "chini ya 1", yaani chini ya mikrogramu 1 kwa lita, mimi nikaona safi sana. Kwa maji ya kunywa sawa, kiwango cha WHO ni mikrogramu 3. Ila samaki na wadudu wa kwenye maji laini wanaumizwa na kadimiamu ndogo kuliko hiyo 1, kwa hiyo lile jibu halikutuambia lolote, mgodi unaweza kuipandisha mara kadhaa na bado ikasomeka vile vile. Tukahamia maabara yenye mashine inayosoma chini zaidi. Ulizeni hili kabla hamjajaza hata chupa moja.

Mvua za kwanza tulizikosa mwaka wa kwanza. Tulikuwa na ratiba ya kila mwezi, tarehe ile ile, na ile mvua inayosomba vumbi na chumvi za kiangazi chote ikapita katikati ya tarehe zetu. Mwaka wa pili tulilala na mabuti karibu. Ziwani nako usichote juu tu, kwenye ziwa moja juu maji yalikuwa mazuri, ukishusha chombo mpaka karibu na chini oksijeni hakuna kabisa na manganizi imejaa, inatoka kwenye tope lenyewe, mgodi haujafika.

Halafu kuna kijito kimoja, mawe yake yana rangi ya kutu, pH inacheza kwenye 5, salfeti juu, shaba juu. Kinapita kwenye mwamba wenye salfaidi, yaani madini yenye salfa, kiko hivyo chenyewe. Watu wa mradi walikipenda balaa, walitaka tutoe wastani wa vijito vyote ionekane maji ya eneo zima yalishaharibika tangu zamani. Wenyeji nao walitaka tukitoe kabisa kwenye ripoti. Tukachukua sampuli pacha, yaani chupa mbili za maji yale yale, namba zikakaa vile vile, tukapima na juu na chini ya ule mwamba, na kwenye ripoti kila kijito tukakiandika kivyake, wastani hatukutoa.