Siku moja na migongo ya Mombasa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Feri ya Likoni, bado giza. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika kliniki ndogo mtaa wa Majengo, na ukishajulikana kwenye feri huna ujanja, utatibu migongo hata kabla hujafika kazini. Leo ni mama muuza samaki, beseni liko miguuni pake.

"Dokta, kiuno hiki ni figo, ama?"

Nikamuuliza kama mkojo unamchoma, kama ana homa au kichefuchefu. Hana. Akiinama kuinua beseni? "Hapo ndipo kwenyewe!" Na akijinyoosha yanapoa. Figo haijui kama umeinama au umesimama. Nikamwambia akiwa bado na wasiwasi apime mkojo, si kipimo cha pesa nyingi, kisha aje tumtazame. Lango likashushwa, kila mtu akashika njia yake.

Saa mbili

Benchi limejaa, Jumatatu haina huruma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba ifikapo 2050 watafika milioni 843. Asubuhi kama hii naona ni kama wote wamepewa miadi kwangu.

Wa kwanza ni kijana hamali wa Marikiti, amepinda upande mmoja, kaka yake amemshika mkono. Ijumaa aliinua gunia la viazi, akasikia kiuno kimemkaza, na tangu hapo yuko kwenye mkeka. Anataka sindano na anataka picha. Nikauliza maswali yangu ya kila siku: ganzi, mkojo, homa, kuanguka, kukonda, saratani ya zamani. Yote hapana. Nikapapasa, misuli ya pande zote mbili imekakamaa lakini mfupa wenyewe ukiguswa haumuumi. Takriban watu tisa kati ya kumi wanaokuja na kiuno hawana mfupa uliovunjika wala ugonjwa ambao picha itauonyesha. Eksirei ingemla pesa tu.

"Sasa alale mpaka lini?" kaka mtu akauliza.

"Asilale."

Hakufurahi. Wengi hawafurahi, maana wamezoea kuwa mgonjwa hulala. Lakini kitanda huudhoofisha mgongo na kumwongezea mtu woga. Tukatembea ukumbini mimi na yeye, hatua za mwanzo akishika ukuta, mara ya tatu kuzunguka akaachia. Dawa ya maumivu ya siku chache, anywe akishakula, na kwanza nikahakikisha hana vidonda vya tumbo wala presha. Wengi wa aina yake huwa wamepata nafuu kubwa ndani ya wiki sita, na mara nyingi mapema zaidi.

Saa nne

Dereva wa trela, Kilindini hadi Malaba, amekuja na mkewe na bahasha ya MRI aliyoikumbatia kama hati ya shamba. "Dokta, diski imetoka. Nimeambiwa ni kupasuliwa au kiti cha magurudumu."

Bahasha nikaiweka mezani bila kuifungua. Nikamwambia anionyeshe kwa kidole maumivu yanapita wapi. Kidole kikaanza kwenye tako la kushoto, kikashuka nyuma ya paja, kikapita ubavuni mwa mguu chini ya goti, kikaja juu ya unyayo hadi kidole gumba. Njia hiyo ni ya neva moja itokayo chini ya kiuno, iitwayo L5. Akalala chali, nikauinua mguu ukiwa umenyooka. Nilipofika nusu ya njia akakamata shuka. Nikamwambia avute vidole gumba vya miguu juu huku mimi navikandamiza. Wa kulia ulinishinda nguvu, wa kushoto ukalegea kidogo. Nikagonga magoti na vifundo kwa nyundo ya mpira, sawa.

Ndipo nikafungua picha. Diski kati ya pingili (mifupa ya uti wa mgongo) ya nne na ya tano ya kiuno imevimba upande wa kushoto. Picha na mwili vinasema jambo moja, na hapo ndipo picha ina maana. Maana watafiti wamekusanya picha za watu wasioumwa na chochote wakakuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ningempiga picha kila abiria wa feri ningepata diski za kutosha.

Nikamweleza. Diski ni pete ya nyuzi ngumu yenye uteute katikati. Haichomoki ikaenda zake. Pete huchanika, uteute husukumwa nje, ukaikera neva, na mara nyingi mwili wenyewe huumeza uteute huo kwa wiki na miezi. Upasuaji huondoa maumivu ya mguu haraka zaidi, hilo ni kweli, ila baada ya mwaka waliopasuliwa na waliosubiri kwa kawaida huwa karibu sawa. Kile kidole kikizidi kulegea, basi tutazungumza na mpasuaji.

Halafu nikamgeukia mkewe, kwa sababu mambo haya madereva huyasahau. Akipata ganzi katikati ya mapaja, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli, au mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. "Hata kama yuko Mtito Andei usiku wa manane, aegeshe trela atafutiwe hospitali yenye upasuaji." Zikipita siku, neva za mkojo na choo huenda zisirudi.

Safari ndefu asimamishe kwa sasa. "Tajiri hatakubali," akasema. Nikamwandikia barua. Akisharudi barabarani, ashuke Mariakani, ashuke Voi, atembee. Kukaa na mtikisiko wa gari saa nyingi ni adui wa kiuno, na sigara nayo si rafiki.

Saa saba

Swala, wali wa nazi, chai ya tangawizi.

Saa nane

"Shikamoo, bibi." "Marahaba mwanangu." Mjukuu wake wa kiume ndiye anayesimulia. Bibi anaumwa mgongo tangu kabla ya Ramadhani. Amekandwa kwa mafuta ya karafuu, amepigwa hijama, na kwingine amepewa vidonge vya maumivu mara kwa mara bila mtu kumgusa mgongo. Maumivu hayako kiunoni, yako juu, kati ya mabega na kiuno. Usiku hayampi usingizi. Jasho hulowesha kanga. Na blauzi inampwaya, huhitaji kuuliza kama amekonda.

Nikamwomba ageuke, nikapitisha kidole juu ya pingili moja moja kutoka shingoni. Katikati kidole kikapanda: kijinundu kilichochongoka. Nilipokibonyeza akanyamaza, akaning'ang'ania mkono.

Mazoezi hapa hakuna, wala kukandwa. Kifua kikuu hakiishi mapafuni tu. Kikiingia kwenye uti wa mgongo hula pingili upande wa mbele hadi zibonyee, na mgongo ukachomoza. Percivall Pott, mpasuaji wa London, aliueleza mgongo wa namna hii mwaka 1779, na huku kwetu bado tunaukuta. Inaweza pia kuwa saratani, au mfupa uliopukutika kwa uzee. Huyu ndiye wa kupigwa picha leo. Nikamwandikia barua ya rufaa, nikapiga simu mbele kuwaarifu, nikamwambia mjukuu wasipande bodaboda.

Saa kumi

Kikundi cha mazoezi, kina mama wengi, na kicheko kingi. Hawa wanaumwa kwa miaka. Mmoja hukanda unga wa mahamri tangu saa tisa usiku, halali vizuri, ana mkopo wa chama unaomkaba, na siku deni likimbana kiuno nacho humbana. Si kwamba anajifanya. Maumivu yakishapita miezi mitatu, usingizi na mawazo huingia ndani yake. Kanunua mkanda wa kiuno kwa bei ambayo inaniuma mimi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unashauri mikanda hiyo isitumiwe kwa kawaida kwa maumivu sugu ya kiuno. Unashauri mazoezi, elimu, na hata kukandwa. Meza yake ya unga tumeiinua kwa matofali, na hilo limemsaidia kuliko mkanda.

Saa mbili usiku

Simu ya mjukuu. Picha imeonyesha pingili mbili zimebonyea, wamemlaza, kesho wanachukua sampuli. Miguu anaisogeza yote, nimemuuliza mara mbili. Kama ni TB dawa ni za bure, na ya mfupa humezwa miezi 9 hadi 12. Akataka kujua kama watoto wa nyumbani wako hatarini.

"Bibi anakohoa?"

"Kidogo, asubuhi."

TB ya mfupa peke yake haiambukizi, ya mapafuni ndiyo. Kwa hiyo kesho waombe apimwe makohozi na kifua pia, na wale wadogo walio chini ya miaka mitano wapelekwe wakaangaliwe.