Namba 46

Kutwa nzima leo nimekuwa nikiwaza moto wa Paris wa tarehe 4 Mei 1897. Wakubwa wa mji walikusanyika kwenye bazaa ya hisani, mtaa wa Jean-Goujon, ndani ya banda la mbao na mapazia, na humo humo ikafungwa mashine ya sinema yenye taa ya etha. Taa ikaleta balaa. Walikufa watu zaidi ya 120, wengi wao wanawake. Ndugu wakapita kwenye miili wakitafuta pete, kipande cha gauni, kiatu. Kwa walioungua kabisa, hata hivyo vikakosekana. Ndipo konsuli wa Paraguay akasema: waiteni madaktari wao wa meno. Kwa njia hiyo alitambuliwa mke wa Duke wa Alençon, mdogo wa Elisabeth, malkia wa Austria. Mwaka uliofuata Oscar Amoëdo, daktari wa meno Mkuba aliyeishi Paris, akachapisha kitabu kizima juu ya kazi hiyo.

Enameli, ganda la nje la jino, ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Moto unaomaliza ngozi na alama za vidole mara nyingi huyaacha magego, kwa kuwa mashavu na ulimi huyakinga. Interpol, shirika la polisi la kimataifa, nao wanayahesabu meno pamoja na alama za vidole na vinasaba: kimoja tu kati ya hivyo kinaweza kutosha.

Ila jino peke yake halitaji jina. Lazima kuwe na karatasi ya kulilinganisha nalo. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 kule Thailand, meno yaliwatambulisha watalii wengi wa Ulaya, maana faili zao zilitumwa kutoka kwao. Kwa Wathai wenyewe yalisaidia kidogo sana. Bahari ilikuwa moja, kilichotofautiana ni makabati ya kliniki.

Hapo ndipo nilipojifikiria mimi. Juzi nimezibwa jino. Daktari alimwambia nesi, “Arobaini na sita, kuziba,” yaani robo ya nne ya kinywa, chini kulia, jino la sita ukihesabu kutoka katikati. Nesi akaandika “46” kwenye daftari langu, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akanirudishia niende nalo. Liko kwenye droo kitandani. Nyumba ikiungua, tunaungua wote wawili, mimi na ushahidi wangu.

Labda rangi ingesaidia. Nimekulia upande wa Meru, na meno yangu yana ule ukahawia wa maji yenye floridi nyingi. Mtaalamu angeweza kukisia nilikunywa maji ya namna gani utotoni. Lakini tuko wengi mno wenye meno hayo, pale sokoni tu ungejaza basi.

Kuna upande mwingine wa taaluma hii ambao siupendi kabisa: alama za kuumwa na meno kwenye ngozi. Marekani, Ray Krone alitiwa hatiani Arizona mwaka 1992, na ushahidi mkubwa ulikuwa kwamba meno yake yaliyopinda yalilingana na alama kwenye mwili wa marehemu. Akahukumiwa kifo, baadaye kifungo cha maisha, hadi vinasaba vikamtoa mwaka 2002. Ngozi huvimba, huvutika, hubadilika. Kulinganisha jino lililozibwa na eksirei yake ni jambo moja, kusoma michubuko ni jambo jingine, na sielewi mahakama ziliyachanganyaje muda wote ule.

Basi jioni nimeipiga picha eksirei yangu dirishani, jino lenye kiraka likionekana vizuri, nikamtumia dada kwa WhatsApp na maneno haya: “Dada, itunze hii, siku moja unaweza kuihitaji.”

Akapiga hapo hapo. “Wewe mdogo wangu, unaumwa nini? Na kwa nini mama hajaambiwa?”