Mguu wa Nyatiti

Jana jioni binti yangu alikuwa akisikiliza nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Waluo, kwenye simu yangu. Akainua kichwa: "Mama, huyo anayegonga ni nani?" Nikamwambia ni mguu wa mzee anayepiga. Yeye akarudi kwenye mchezo wake, mimi nikarudi Kondele, Kisumu, kwenye studio ya Mwalimu.

Kurekodi nilikuwa nakujua kabla ya kwenda kwa Mwalimu. Kilichonipeleka kwake ni kumiksi, yaani kuchanganya sauti zilizorekodiwa. Mengi ya siku zile nayapita: kompresa ya kusawazisha nguvu za sauti, ikwalaiza ya kuongeza au kupunguza sauti nzito na nyembamba, nyaya za kukunja kila jioni, stima kupotea katikati ya kazi. Siku ya mzee siwezi kuipita.

Alikuja na nyatiti yake ya nyuzi 8, akaketi kwenye kigoda, akafunga njuga mguuni, kisha akavaa oduong'o, ile pete ya chuma, kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Mpiga nyatiti hamhitaji mtu wa ngoma. Mguu wake ukigonga mti wa nyatiti kwa pete ile, ngoma ndiyo hiyo. Mwalimu akaweka maiki mbili, moja karibu na ngozi ya nyatiti, nyingine chini mguuni. Nikazisikiliza moja moja, zote safi. Nikazifungua pamoja, mguu ukakonda, ukawa kama mtu anayegonga debe tupu.

"Usiguse kitu, dada," Mwalimu akasema. "Fumba macho usikilize."

Akabonyeza kitufe kidogo, kile chenye duara lililokatwa kwa mstari, kinachopindua wimbi la sauti juu chini. Mguu ukashuka chini, mzito, nikausikia kifuani. Akabonyeza tena, ukapotea. Tena, ukarudi. Ndani ya hedifoni zile nilielewa jambo ambalo nilikuwa nimelisoma bila kulisikia. Sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo kila mita huichukua milisekunde 3 hivi. Maiki ya juu ilikuwa kama mita moja kutoka mguuni, na pigo liliifikia limechelewa kiasi hicho. Karibu na hezi 170, yaani mitetemo 170 kwa sekunde, kilele cha wimbi moja kilikutana na bonde la jingine, yakafutana. Pale ambapo sauti imefutwa, ikwalaiza haina cha kuongeza.

"Kitufe nimekuonyesha tu," akasema. "Kazi yenyewe iko kule ndani." Akamwomba mzee radhi, akaingia, akaisogeza maiki ya juu shubiri moja, akangoja, akaisogeza tena kidogo. Mzee aligonga bila kuchoka. Mimi nilikuwa upande huu wa kioo, masikio yote kwake, hadi nikakipiga kioo kwa kiganja: hapo!

Baadaye ikaja habari ya simu. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito vile. Ukiilazimisha inakoroma tu. Mwalimu akatengeneza nakala ya trak ya mguu, akaikwaruza kidogo ili itoe sauti za juu zinazofuatana na ile ya chini, mara mbili yake, mara tatu yake. Sikio likizipata hizo, ile ya chini hulijia yenyewe, hata kama spika haikuitoa.

Tukamwita mzee asikilize. Kwenye spika kubwa aliitikia kwa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye simu alikaa kimya, kisha akanigeukia mimi, si Mwalimu.

"Nyara," yaani binti yangu, "huu mguu ni wangu ama ni wa mashine?"

Mwalimu akamjibu kwa heshima kwamba ni wake, umesaidiwa tu upenye. Mzee akasema mguu wake haujawahi kuhitaji msaada. Wakabishana hivyo kwa upole mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Mwishowe tukatoa nakala mbili. Mimi naipenda ile isiyoongezwa kitu, na ndiyo ninayoitetea kila nikimiksi nyatiti. Lakini mzee, alipokuwa akifunga nyuzi zake aondoke, aliniomba nimwekee ile ya simu, maana nyumbani hana spika nyingine.